Mwongozo Kamili: Kutengeneza Demo ya Game Boy Inayojibu Vidole kwa Sauti za Kigogo

Mwongozo huu unamfikisha msomaji kwenye kitu kimoja tu: faili la kilobaiti 32 ambalo, likiwekwa ndani ya Game Boy (konsoli ya michezo ya mkononi ya Nintendo) ya mwaka 1989 au likifunguliwa katika emuleta (programu inayoiga mashine nyingine) ya kompyuta, litaonesha mchoro unaopinda kama wimbi na kutoa sauti tano za muziki wa Wagogo wa Dodoma kila mtu anapobonyeza vitufe. Kitu hiki si mchezo, kwa kuwa hakina pointi, hakina adui, wala hakuna anayeshinda au kushindwa. Ni sanaa ya kidijitali, na aliyeishika konsoli mkononi ndiye anayeiongoza.

Utamaduni wa kutengeneza vitu vya namna hii huitwa demosini. Ulizaliwa Ulaya katika miaka ya 1980 miongoni mwa vijana wenye kompyuta kama Commodore 64 na Amiga, ambao walianza kushindana kuandika programu fupi zenye picha na muziki ili kuonyeshana nani anaweza kuikamua mashine kupita matarajio ya walioiunda. Mashindano hayo yanaendelea hadi leo. Assembly ya Finland ilianza mwaka 1992, na Revision hufanyika Saarbrücken, Ujerumani, kila Pasaka tangu 2011. Finland iliuingiza utamaduni huu katika orodha yake ya taifa ya urithi hai mwaka 2020, na Ujerumani ikafuata mwaka 2021. Kwa upande mwingine, wasanii wa majumba ya sanaa nao walizigeukia konsoli: mwaka 2002 Mmarekani Cory Arcangel aliifanyia marekebisho katriji ya mchezo wa Nintendo akaondoa kila kitu, akabakiza mawingu yanayopita angani.

Demo ya kawaida hujiendesha yenyewe na mtazamaji hukaa kimya. Sisi tutatengeneza inayojiendesha pale isipoguswa na kujibu pale inapoguswa, kwa sababu kwa maoni yangu muziki wa Dodoma hauwezi kuwakilishwa vema na kitu ambacho watu wanakitazama tu wakiwa wamekunja mikono.

Kwa nini Game Boy

Nimechagua Game Boy kwa sababu ni mashine ambayo mtu mmoja anaweza kuielewa yote, kuanzia kitufe hadi spika. Kichakataji chake kina saa ya mipigo 4,194,304 kwa sekunde. Kumbukumbu ya kazi ni kilobaiti 8, na ya picha ni kilobaiti 8 nyingine. Kioo kina pikseli 160 kwa 144 na rangi nne za kijivu basi. Hakuna mfumo endeshi, hakuna masasisho, hakuna kitu kinachopita katikati ya programu yako na chuma chenyewe. Mwanafunzi wa kompyuta pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) ambaye amesoma lugha za ngazi ya juu kwa miaka mitatu atajifunza hapa, kwa wiki chache, mambo ambayo kwingineko yamefichwa chini ya tabaka nyingi.

Sababu ya pili ni ya hesabu, na ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu. Nitaieleza kwa kirefu tutakapofika kwenye sauti.

Vifaa vya kukusanya

Huhitaji kuwa na Game Boy yenyewe ili uanze. Kompyuta mpakato yoyote iliyotumika, hata ya zamani, inatosha. Pakua RGBDS, ambayo ni seti huria ya programu nne: `rgbasm` inayogeuza maandishi ya asembla (lugha iliyo karibu kabisa na ya mashine yenyewe), `rgblink` inayounganisha vipande, `rgbfix` inayorekebisha kichwa cha faili, na `rgbgfx` inayobadili picha kuwa vigae. Pakua pia emuleta. SameBoy na Emulicious zote ni za bure na zinaifuata mashine halisi kwa uaminifu mkubwa. Mwisho, hifadhi nakala ya Pan Docs, hati ya kiufundi ya Game Boy ambayo jumuiya ya watengenezaji imeiandika na kuisahihisha kwa miaka mingi. Vyote kwa pamoja ni vidogo mno na havitamaliza bando. Ukishavipata huhitaji intaneti tena, jambo lenye thamani kubwa kwa anayefanya kazi hii Mpwapwa, Kongwa au kijijini Bahi.

Hatua ya kwanza: picha

Game Boy haijui picha nzima. Inajua vigae vya pikseli 8 kwa 8, kila kimoja kikichukua baiti 16, na ramani ya vigae 32 kwa 32 inayosema kigae gani kikae wapi. Kioo huonyesha dirisha la vigae 20 kwa 18 tu ndani ya ramani hiyo. Kwa mpangilio tutakaoutumia, vigae tofauti visizidi 256. Kwa hiyo picha yenye marudio ndiyo inayofaa.

Mkoa wa Dodoma una hazina kubwa ya michoro ya aina hiyo. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, imesambaa katika mapango na vibanda vya mawe zaidi ya 150 kwenye miteremko inayotazama Bonde la Ufa. Mle utaona watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, wanyama kama pofu, twiga na tembo, na katika tabaka za baadaye michoro myeupe. Naomba jambo moja kwa dhati: usiinakili michoro hiyo pikseli kwa pikseli. Baadhi ya maeneo yale bado yanatumiwa na wenyeji kwa ibada za mvua na za uponyaji, na si pambo la kuokota. Nenda Kolo, kule Kondoa, pitia ofisi ya Mambo ya Kale, ongozana na mwongozaji, tazama kwa makini namna mstari mmoja mrefu unavyotosha kuwa mtu anayekimbia, kisha rudi nyumbani uchore watu wako mwenyewe. Mistari hiyo mirefu myembamba inaufaa mno mtindo wa pikseli, na itaonekana kuwa hai pindi tutakapoipinda.

Chora picha ya pikseli 256 kwa 256 yenye vivuli vinne vya kijivu, katika programu yoyote inayohifadhi PNG. Usichore ya 160 kwa 144, ingawa ndicho kipimo cha kioo. Picha inayojaza ramani nzima inanakiliwa moja kwa moja bila kuruka safu, na inapoyumba kushoto au kulia haitaonyesha ukingo mtupu. Hakikisha upande wa kulia unaungana na wa kushoto bila mshono. Kisha:

```
rgbgfx -u -o vigae.2bpp -t ramani.tilemap picha.png
```

Alama ya `-u` inaondoa vigae vinavyojirudia. Faili la vigae likizidi baiti 4,096, umevuka vigae 256, na itabidi urudi kwenye mchoro upunguze aina.

Hatua ya pili: kuiwasha mashine

Game Boy inapowashwa hukagua kichwa cha katriji kisha hurukia anwani `$100` (alama ya `$` huashiria namba ya heksadesimali, yaani ya kuhesabu kwa 16). Hapo kuna nafasi ya baiti nne tu kabla ya kichwa chenyewe, kwa hiyo tunaruka mara moja:

```
SECTION "Kichwa", ROM0[$100]
    jp Anza
    ds $150 - @, 0

SECTION "Programu", ROM0
Anza:
    ldh a, [$FF44]
    cp 144
    jr c, Anza
    xor a
    ldh [$FF40], a
    ld de, Vigae
    ld hl, $8000
    ld bc, Vigae.mwisho - Vigae
    call Nakili
    ld de, Ramani
    ld hl, $9800
    ld bc, 1024
    call Nakili
    xor a
    ld [wHatua], a
    ld [wNguvu], a
    ld [wZamani], a
    ld a, %11100100
    ldh [$FF47], a
    ld a, $91
    ldh [$FF40], a
    jp Fremu

Nakili:
    ld a, [de]
    ld [hl+], a
    inc de
    dec bc
    ld a, b
    or c
    jr nz, Nakili
    ret

Vigae:
    INCBIN "vigae.2bpp"
.mwisho
Ramani:
    INCBIN "ramani.tilemap"

SECTION "Vigezo", WRAM0
wHatua: ds 1
wNguvu: ds 1
wZamani: ds 1
```

Rejista (kisanduku kidogo cha namba cha kuwasiliana na mashine) `$FF44` inataja mstari unaochorwa sasa, kuanzia 0 hadi 153. Mistari 144 ya kwanza ndiyo inayoonekana. 10 ya mwisho ni muda wa mapumziko. Tunasubiri mapumziko hayo kabla ya kuzima kioo kwa `$FF40`, na agizo hili lisipuuzwe: kuzima kioo katikati ya uchoraji kunaweza kuharibu kioo cha mashine halisi. Emuleta itakusamehe, chuma hakitakusamehe. Vivyo hivyo, vigezo vitatu vilivyo katika kumbukumbu tunaviandikia sifuri sisi wenyewe, maana Game Boy halisi huwaka ikiwa na takataka ndani ya kumbukumbu, ilhali baadhi ya emuleta huisafisha na hivyo kuficha kosa hadi siku ya maonesho.

Hatua ya tatu: wimbi

Hapa ndipo penye ufundi wa demosini hasa. Rejista `$FF43` inasogeza mandharinyuma yote kushoto au kulia. Ukiibadilisha mara moja kwa fremu (picha moja kamili ya kioo), picha nzima inasogea. Lakini mashine huchora mstari mmoja baada ya mwingine kutoka juu kwenda chini, na kati ya mstari na mstari kuna pumziko fupi. Ukiibadilisha rejista hiyo katika kila pumziko, kila mstari utasogea kwa kiasi chake, na picha iliyonyooka itapinda. Waliounda Game Boy hawakuweka kipengele cha kupinda picha. Kinapatikana kwa sababu tu mwandishi wa programu anajua wakati.

Kwanza tunahitaji jedwali la wimbi. RGBDS inaweza kulikokotoa yenyewe wakati `rgbasm` inapogeuza maandishi, hivyo Game Boy haitapiga hesabu yoyote ya sine ya pembe. Tutatengeneza majedwali manane yenye nguvu tofauti, kuanzia utulivu kamili hadi mpindo wa pikseli 14:

```
SECTION "Wimbi", ROM0, ALIGN[8]
Wimbi:
for nguvu, 0, 8
    for pembe, 0.0, 1.0, 1.0 / 256
        db MUL(nguvu * 2.0, SIN(pembe)) >> 16
    endr
endr
```

Neno `ALIGN[8]` linalazimisha jedwali lianze kwenye anwani inayoishia na sifuri mbili za heksadesimali. Faida yake ni kwamba nusu ya juu ya anwani inachagua jedwali, na nusu ya chini ndiyo nafasi ndani ya jedwali. Hakuna kujumlisha anwani ndefu, na namba ikipita 255 inarudi sifuri yenyewe, jambo ambalo ndilo tunalolitaka kwa wimbi lisilo na mwisho.

```
SECTION "Mzunguko", ROM0
Fremu:
    ld a, [wHatua]
    ld d, a
    ld a, [wNguvu]
    add HIGH(Wimbi)
    ld h, a
KilaMstari:
    ldh a, [$FF44]
    cp 144
    jr nc, Pumziko
    ld e, a
    ldh a, [$FF41]
    and 3
    jr nz, KilaMstari
    ld a, e
    add d
    ld l, a
    ld a, [hl]
    ldh [$FF43], a
    jr KilaMstari
```

Biti mbili za chini za `$FF41` husema mashine iko katika hali gani. Sifuri ni lile pumziko la mwisho wa mstari. Tazama kwamba kila kisichobadilika ndani ya fremu kimepakiwa mapema nje ya mzunguko: hatua ya wimbi imo katika `d`, na jedwali limo katika `h`. Kwa hiyo kuanzia tunapoisoma hali hadi tunapoandika thamani mpya inapita mizunguko 12 ya kichakataji, sawa na vitone 48 vya kioo. Hata kama tungeligundua pumziko likiwa ukingoni kabisa, hatungechelewa, kwa sababu mashine hutumia vitone 80 vya mwanzo wa kila mstari kutafuta spraiti (vichoro vidogo vinavyowekwa juu ya mandharinyuma) kabla haijagusa mandharinyuma. Nakuhimiza uhesabu hivi kila unapoongeza agizo ndani ya mzunguko huu. Ukizidisha, utaona mistari inayorukaruka, na utaweza kuisahihisha kwa kuhesabu badala ya kubahatisha.

Thamani tunayoandika mwishoni mwa mstari inatumika katika mstari unaofuata. Mstari wa juu kabisa, basi, unarithi kilichoandikwa mwishoni mwa mstari wa 143. Ukiona mstari huo mmoja umekaa upande, iandike thamani yake katika mapumziko.

Hatua ya nne: sauti tano

Uzi wa zeze unapopigwa, hautetemeki kwa namna moja tu. Ndani ya mtetemo mkuu mna mitetemo mingine yenye kasi mara 2, mara 3, mara 4 ya ule mkuu, na kuendelea. Watafiti wa muziki wa Wagogo wameeleza kwamba ngazi yao ya sauti imejengwa juu ya mfululizo huo wa asili, hasa sauti ya 6, ya 7, ya 8, ya 9 na ya 10. Ndiyo ngazi inayosikika katika ilimba (ala ya ndimi za chuma inayopigwa kwa vidole gumba) na zeze za marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa mkoa huu aliyefariki mwaka 2003, ambaye aliifikisha kwenye majukwaa ya dunia.

Kinanda cha kawaida hakiwezi kuipiga ngazi hii sawasawa. Kutoka sauti ya 6 hadi ya 7 pana takriban senti 267 (senti 100 ni hatua moja ndogo ya kinanda), ilhali kinanda kinalazimisha 300. Sikio lililokulia Chamwino linatambua tofauti hiyo mara moja, na ndiyo maana nyimbo nyingi za Kigogo zilizotiwa kinanda cha kisasa huonekana kupoteza utamu wake. Programu nyingi za kutungia muziki wa Game Boy nazo hufuata kinanda, hivyo hatutazitumia.

Sasa hesabu yenyewe. Chaneli mbili za kwanza za sauti za Game Boy hupata masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde, yaani Hz) kwa kugawa 131,072 kwa namba nzima, ambayo ni 2,048 ukitoa thamani unayoandika kwenye rejista. Tunahitaji vigawanyo vitano vilivyo katika uwiano wa sauti za 6 hadi 10. Namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa 6, 7, 8, 9 na 10 bila baki ni 2,520. Igawe: unapata 420, 360, 315, 280 na 252. Zote ni namba nzima na zote zinaenea ndani ya rejista. Maana yake ni kwamba konsoli hii, iliyoundwa Japani bila yeyote kuwafikiria Wagogo, inaipiga ngazi ya Kigogo kwa uwiano kamili, bila kosa hata la sehemu ya senti, jambo ambalo haiwezi kulifanya kwa ngazi ya kinanda cha Ulaya. Sauti ya 6 inakuwa na masafa ya takriban Hz 312, na ya 10 takriban Hz 520.

Toa kila kigawanyo kutoka 2,048, kisha ongeza sauti ya 12 na ya 14, ambazo ni oktavu za 6 na 7:

```
Nota:
    dw 1628, 1688, 1733, 1768, 1796, 1838, 1868

PigaNota:
    ld a, $80
    ldh [$FF16], a
    ld a, $F3
    ldh [$FF17], a
    ld a, [hl+]
    ldh [$FF18], a
    ld a, [hl+]
    or $80
    ldh [$FF19], a
    ret
```

Kabla ya hayo yote, katika sehemu ya `Anza`, iwashe sauti kwa kuandika `$80` kwenye `$FF26`, kisha `$77` kwenye `$FF24` na `$FF` kwenye `$FF25`. Mpangilio huo ufuatwe, kwani sauti ikiwa imezimwa mashine hupuuza maandishi ya rejista nyingine za sauti. Thamani `$F3` inaianzisha nota kwa nguvu zote na kuififisha kwa muda wa takriban sekunde 0.7, jambo linaloikaribia tabia ya ulimi wa ilimba ulioachiwa na kidole gumba. Jaribu `$F2` na `$F5` pia. Katika jambo hili sikio ndilo lenye kauli ya mwisho.

Waimbaji wa Kigogo hupenda kuioanisha sauti moja na ile iliyo nafasi mbili juu yake: 6 na 8, 7 na 9, 8 na 10. Ndiyo sababu jedwali lina nota saba. Baada ya kusoma nota ya kwanza, `hl` inaelekea nota inayofuata. Ruka baiti mbili, kisha andika nota utakayoikuta katika chaneli ya kwanza, yaani rejista `$FF11` hadi `$FF14`, kwa utaratibu uleule. Kwa sauti ya 9 na ya 10, wenza wao watakuwa 12 na 14. Iache sauti ya pili iwe nyonge kidogo, kwa mfano `$93`, ili ya kwanza ibaki kiongozi.

Chaneli ya tatu husoma wimbi la sampuli 32 unalolichora mwenyewe katika `$FF30` hadi `$FF3F`, na masafa yake ni 65,536 kugawanya kwa kigawanyo. Ukiandika thamani 1418, kigawanyo ni 630, nawe unapata sauti ya 2 ya mfululizo uleule, takriban Hz 104. Inafaa iwe mvumo wa chini usiokatika. Lichore wimbi lake wakati chaneli imezimwa, halafu iwashe kwa `$80` katika `$FF1A`.

Hatua ya tano: vidole

Vitufe vyote vinane vinasomwa kupitia rejista moja, `$FF00`, kwa makundi mawili, na biti yenye sifuri ndiyo inayomaanisha kitufe kimebonyezwa.

```
Pumziko:
    ld a, $20
    ldh [$FF00], a
    ldh a, [$FF00]
    ldh a, [$FF00]
    and $0F
    ld b, a
    ld a, $10
    ldh [$FF00], a
    ldh a, [$FF00]
    ldh a, [$FF00]
    and $0F
    swap a
    or b
    cpl
    ld b, a
    ld a, [wZamani]
    xor b
    and b
    ld c, a
    ld a, b
    ld [wZamani], a

    ld hl, Nota
    bit 3, c
    call nz, PigaNota
    ld hl, Nota + 2
    bit 1, c
    call nz, PigaNota
    ld hl, Nota + 4
    bit 2, c
    call nz, PigaNota
    ld hl, Nota + 6
    bit 0, c
    call nz, PigaNota
    ld hl, Nota + 8
    bit 4, c
    call nz, PigaNota

    bit 5, c
    jr z, Endelea
    ld a, [wNguvu]
    inc a
    and 7
    ld [wNguvu], a
Endelea:
    ld hl, wHatua
    inc [hl]
SubiriJuu:
    ldh a, [$FF44]
    cp 144
    jr nc, SubiriJuu
    jp Fremu
```

Rejista inasomwa mara mbili ili kuupa umeme muda wa kutulia. Mwishoni, `c` ina vitufe vilivyobonyezwa katika fremu hii tu, si vile vilivyoshikiliwa tangu awali; bila hilo, nota ingeanza upya karibu mara 60 kwa sekunde na kugeuka mngurumo. Mshale wa chini unapiga sauti ya 6, kushoto ya 7, juu ya 8, kulia ya 9, na kitufe A ya 10. Kitufe B kinazidisha nguvu ya wimbi hadi kilele, kisha kinairudisha kwenye utulivu.

Kinachobaki ni kuifanya ijiendeshe. Weka kigezo cha baiti mbili kinachohesabu fremu ambazo hakuna aliyegusa kitu. Kikifika 600, yaani baada ya takriban sekunde 10, anza kuchagua nota kutoka kwenye orodha fupi uliyoiandika. Kidole kikigusa, nyamaza umpishe mtu. Orodha hiyo usiitunge peke yako mezani. Mpelekee mzee anayejua ngoma, mpe konsoli aishike, msikilize anavyoipiga, kisha omba ruhusa ya kuandika alichokipiga na jina lake liwekwe katika demo kama atakubali. Tamasha la muziki wa Cigogo (yaani Kigogo) linalofanyika Chamwino ni mahali pazuri pa kuanzia mazungumzo hayo.

Kuunganisha na kuonesha

```
rgbasm -o demo.o demo.asm
rgblink -o demo.gb demo.o
rgbfix -v -p 0xFF demo.gb
```

Fungua `demo.gb` katika emuleta. Ikiwa kioo ni cheupe, kagua kwanza `$FF47` na `$FF40`. Ikiwa picha ipo na sauti haipo, kagua mpangilio wa `$FF26`. Kwa mashine halisi utahitaji katriji inayopokea kadi ya kumbukumbu, kama EverDrive GB ya Krikzz. Futa miguu ya katriji kwa spiriti mara kwa mara, kwa kuwa vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi huingia kila mahali.

Usisumbuke kutafuta projekta. Kioo cha Game Boy ya kwanza hakina taa. Kinarudisha mwanga wa nje, hivyo chini ya jua la saa sita mchana, ambalo huifanya simu isisomeke, chenyewe ndipo kinaposomeka vizuri zaidi. Betri nne za AA za duka la mtaani zinatosha siku nzima ya maonesho, umeme uwepo usiwepo. Iweke juu ya meza pale Nyerere Square au katika uwanja wa shule, iunganishe na spika kupitia tundu la visikizi, na usibandike maelekezo marefu. Watoto watavumbua vitufe wenyewe, na wale wanaojua nyimbo za muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, za bibi zao wataanza kuzitafuta katika zile sauti tano.

Ukiridhika nayo, ipandishe scene.org na uisajili Pouët, ghala ambako wanademosini huweka na kujadili kazi zao. Weka pia maandishi yote ya asembla, si faili la mwisho pekee, na eleza kwa sentensi chache namba 2,520 ilikotoka, ili mtu wa Singida au Iramba aweze kubadili jedwali la nota na kuweka ngazi ya kwao.